Mlundalunda, Mjohoro na Sanamaki: Jina la Mti ni Sehemu ya Tiba



Mwishoni mwa kiangazi, wakati mifugo imekonda na kila mtu anatazama mawingu, kuna mti mmoja katika nchi yetu ya Usukuma unaochanua kabla mvua haijanyesha. Maua yake ni ya manjano na yana harufu nzuri. Baadaye huning'iniza maganda marefu ya mviringo, mengine yakizidi nusu mita. Wasukuma na Wanyamwezi huuita mlundalunda. Magome na mizizi yake huuzwa katika masoko yetu kama dawa ya tumbo na maradhi mengine mengi.

Karibu na makanisa, shule na zahanati mnaona mti mwingine wenye maua ya manjano, majani mabichi mwaka mzima na kivuli kizito. Huo ni mjohoro. Mwezi huu tuzungumze juu ya majina ya miti hii miwili na ndugu zake. Pengine mtauliza, majina ya miti yanahusu nini ukurasa wa afya? Nitajibu kwa tukio lililonipata mimi mwenyewe.

USIKU MMOJA WODINI

Miaka kadhaa iliyopita bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa miaka mitatu kutoka kwenye machimbo madogo ya dhahabu upande wa Geita. Mtoto alikuwa ameharisha tangu asubuhi. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na ngozi ya tumbo ukiivuta ilirudi polepole. Nikauliza, "Bibi, mtoto amekunywa dawa gani?"

"Sista, ni majani tu. Alikuwa hapati choo siku ya tatu hii. Jirani akaniambia nimchemshie sanamaki."

"Hiyo sanamaki ulinunua wapi?"

"Sikununua, mwanangu. Nilichuma kwenye mti pale kambini."

Mama wa mtoto, ambaye ni Muha, aliutaja mti ule kwa jina la kwao. Jirani aliyetoa ushauri alitoka Singida, naye alikuwa na jina lake. Machimboni kwetu ndivyo ilivyo: watu wametoka mikoa yote, kila mmoja na lugha yake na dawa zake. Tulikuwa na mti mmoja na majina matatu, na hakuna aliyekuja na jani hata moja. Asubuhi kijana wa familia alituletea tawi lenye maua na maganda. Lilikuwa tawi la mjohoro.

Matibabu, namshukuru Mungu, hayakungoja jina. Mtoto aliyepoteza maji hupewa maji kwanza. Tulimwekea dripu, tukampa maji ya chumvichumvi ya pakiti na vidonge vya zinki. Lakini daktari alitaka kujua kama mti ule una sumu nyingine ya kuangaliwa. Nikafungua kitabu cha wodi nikatafuta kwenye herufi C, kwa sababu chuoni nilifundishwa kwamba mjohoro ni Cassia siamea. Halikuwemo. Nikamwambia daktari kwa uhakika kabisa, "Mti huu haumo katika orodha."

Siku ya tatu mtoto aliruhusiwa. Miezi mingi baadaye, nikitafuta jambo jingine, niliukuta mjohoro katika kitabu kile kile kwenye herufi S, kwa jina la Senna siamea, pamoja na onyo kwamba unaweza kudhuru ini. Hatukuwa tumempima mtoto yule ini, wala hatukumwambia bibi aangalie kama macho yanakuwa ya manjano. Kwa bahati njema mtoto alikuwa amekwisha kurudi kliniki akiwa mzima. Kosa lilikuwa langu, na ndilo lililonifanya nijifunze habari hizi ninazowaandikia leo.

JINA LA KITABUNI LINAVYOTOLEWA

Kila mmea una majina ya mdomoni na jina la kitabuni. Majina ya mdomoni ni mengi kama lugha zetu. Jina la kitabuni ni moja kwa dunia nzima, nalo lina maneno mawili. La kwanza ni jina la jenasi, yaani kundi la mimea iliyo ndugu wa karibu. La pili hutaja spishi, yaani mmea wenyewe ndani ya kundi hilo. Ni karibu kama jina la ukoo na jina la mtu, ila hapa ukoo hutangulia.

Utaratibu huu ulienezwa na Carl Linnaeus, daktari na mtaalamu wa mimea wa Sweden, katika kitabu chake cha mwaka 1753. Humo aliweka katika jenasi moja, aliyoiita Cassia, mimea mingi ya jamii ya mikunde yenye maua ya manjano. Sanamaki ile ya dukani aliiingiza humo humo. Mwaka uliofuata, 1754, mtunza bustani wa Uingereza aliyeitwa Philip Miller aliiweka sanamaki na ndugu zake katika jenasi ya peke yao, Senna. Wataalamu wengi hawakumfuata. Kwa zaidi ya miaka 200 jina la Cassia liliendelea kupanuka hata likabeba spishi zaidi ya 500: miti mikubwa, vichaka, hata majani madogo ya shambani.

Mjohoro uliingia humo mwaka 1785, Mfaransa Lamarck alipouita Cassia siamea, kwa kuwa asili yake ni nchi za mashariki ya mbali, ikiwemo Siam ambayo leo ni Thailand. Mlundalunda uliingia mwaka 1871, Daniel Oliver wa bustani ya Kew, London, alipouita Cassia abbreviata.

Mwaka 1982 wataalamu wawili wa bustani ya mimea ya New York, Howard Irwin na Rupert Barneby, walitoa kitabu kikubwa kilichoigawa jenasi hiyo katika tatu. Cassia ilibaki na spishi kama 30 tu, nazo ni miti. Senna ikarudishiwa heshima yake na spishi zaidi ya 250. Zilizobaki, ambazo nyingi ni mimea midogo, zikawa Chamaecrista. Katika mgawanyo huo mlundalunda ulibaki Cassia, na mjohoro ukawa Senna siamea.

KWA NINI MMOJA ABAKI NA MWINGINE AHAME?

Wasomaji wa Geita wataelewa haraka. Mwaka 1984 Jimbo la Geita lilipotengwa na Jimbo la Mwanza, jina la Mwanza halikupotea. Lilibaki pale lilipo kanisa kuu. Waamini wa Geita walikuwa ni wale wale, nyumba zao hazikuhama hata hatua moja, lakini vitabu vyao viliandikwa jina jipya.

Jenasi nayo ina kama kanisa kuu lake, yaani spishi moja ambayo jina haliwezi kuondoka kwake. Kwa Cassia, mti huo ni Cassia fistula, ule mti wa bustani za mijini unaoning'iniza vishada virefu vya maua ya manjano kama taa. Mti wowote uliofanana nao katika mambo yaliyochaguliwa kuwa alama ulibaki Cassia. Mwingine ulihama.

Alama hizo zimo ndani ya ua. Mnakumbuka katika somo la sayansi shuleni tulifundishwa petali, sepali, stameni na pistili. Chukua ua la mlundalunda utazame stameni zake. Zipo 10, na tatu za chini ni ndefu sana, vikonyo vyake vimepinda kwenda chini kisha kurudi juu kama ndoano. Sasa chukua ua la mjohoro. Stameni zake ni fupi na vikonyo vyake vimenyooka, na vichwa vyake hutoa chavua kupitia vitundu vidogo nchani. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuziona tofauti hizi bila kioo cha kukuzia.

Maganda nayo husaidia. Ya mlundalunda ni ya mviringo, marefu, yananing'inia. Ya mjohoro ni bapa, kahawia, yamejaa mtini kwa mafungu. Lakini angalieni! Kuna mti mwingine wa kigeni uliopandwa sehemu nyingi kwa kivuli, Senna spectabilis, ambao watu wengi huuita mjohoro vile vile. Huo una maganda ya mviringo, ingawa ni mafupi kuliko ya mlundalunda. Ndiyo maana wataalamu hutegemea ua kuliko ganda.

SANAMAKI NA KIDA

Jina la Senna si geni kwetu. Limetokana na neno la Kiarabu sana, na Waswahili wa pwani walipolipokea pamoja na dawa yenyewe walisema sanamaki, yaani sana ya Maka. Jina lake la kitabuni ni Senna alexandrina. Ni dawa ya kweli ya kulainisha choo. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu, hasa kwa wagonjwa wa tiba shufaa, maana dawa ya maumivu ya mofini hufunga choo.

Bibi yetu kwa hiyo hakuwa mjinga. Mjohoro na sanamaki ni ndugu wa jenasi moja, na mjohoro nao huendesha. Lakini ndugu si mtu mmoja. Sanamaki ya hospitali imepimwa na dozi yake inajulikana. Majani ya mjohoro hayajapimwa kwa mtoto, na yana vitu vingine ambavyo sanamaki haina.

Jina la Cassia nalo lina hadithi yake. Linatokana na neno la kale la Kigiriki na la Kiebrania, na hufananishwa na kile ambacho Biblia ya Kiswahili hukiita kida, mojawapo ya manukato ya mafuta matakatifu ya kupaka katika kitabu cha Kutoka, sura ya 30. Lakini kida inadhaniwa kuwa gome la mti wa jamii ya mdalasini, wala si mti wenye maua haya ya manjano. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kusikia muuzaji sokoni akisifu unga wa mlundalunda kuwa ni dawa iliyotajwa katika Maandiko. Jina limefanana, mti ni mwingine.

MAJINA MAWILI YANAVYOWEZA KUPOTEZA MAISHA

Hebu tutazame mambo yaliyotokea nchi nyingine.

Huko Thailand watu hula majani machanga na maua ya mjohoro kama mboga, lakini huyachemsha kwanza na kumwaga maji yale. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vidonge vya majani makavu ya mjohoro vilianza kutumiwa kama dawa ya usingizi, bila kuchemsha na kumwaga. Baadhi ya waliovimeza walipata ugonjwa wa ini. Mti ulikuwa ule ule, matayarisho ndiyo yalibadilika.

Nchini India, magharibi ya jimbo la Uttar Pradesh, watoto wadogo walikuwa wakipatwa ghafula na ugonjwa wa ubongo, ini na misuli, na wengi walikufa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni virusi. Mwaka 2007 madaktari walieleza kwamba watoto wale walikuwa wamekula maharage ya kichaka fulani wakati wa michezo yao. Kichaka hicho kipo kwetu pia. Huota majalalani na kando ya barabara, kina maua ya manjano, maganda membamba, na majani yake hunuka vibaya ukiyafikicha. Katika taarifa ile kiliandikwa Cassia occidentalis. Vitabu vipya hukiita Senna occidentalis. Muuguzi anayejua jina moja tu atafungua kitabu, hataona kitu, na atasema kama nilivyosema mimi: haumo katika orodha.

Na hapa kwetu kuna hatari ya unga. Gome likishasagwa halina ua, halina ganda, halina jani. Hata mtaalamu hawezi kuutambua mti kwa kuutazama unga. Muuzaji mwaminifu anaweza kukosea mwenyewe alipouziwa na mwingine. Kwa mama mjamzito jambo hili ni zito zaidi. Dawa yoyote ya kuendesha kwa nguvu, au iliyopewa ili "kuongeza uchungu", inaweza kumletea maafa yeye na mtoto.

NCHI YETU KATIKA KAZI HII

Msidhani kazi ya kutaja mimea imefanyika Ulaya na Marekani tu. Katika miaka ya 1930 Shinyanga ilikuwa makao ya idara ya utafiti wa mbung'o, na mtaalamu wake wa mimea, Bernard Burtt, alizunguka mapori yetu akikusanya matawi, akiyakausha na kuyaandikia mahali yalipotoka. Alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege pamoja na mkuu wake, Charles Swynnerton. Makusanyo ya namna hiyo huitwa herbaria. Ile ya Amani, Tanga, ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na leo Tanzania ina Herbaria ya Taifa huko Arusha. Mwaka 1967 J. P. M. Brenan alitoa sehemu ya kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki inayohusu kundi hili. Ilikuwa kabla ya mgawanyo wa 1982, kwa hiyo humo mlundalunda na mjohoro yote ni Cassia. Ndipo vitabu vingi vya wauguzi wa rika langu vilipochukua majina.

Wenye elimu ya kwanza, hata hivyo, ni wazee wetu. Burtt na wenzake waliwauliza wenyeji jina la kila mti. Wasukuma, ambao huutambua mlundalunda kwa gome na kwa harufu, walikuwa nalo zamani kabla ya mwaka 1871. Tunapohifadhi ngitili tunahifadhi elimu hiyo pia. Mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliwasaidia wananchi wa Shinyanga kurudisha miti katika hekta zaidi ya 300,000, na kwa watu wengi ngitili ni duka la dawa. Mti ukikatwa wote, mjukuu atabaki na jina asilojua ni la nini.

TUFANYE NINI?

Serikali inatambua waganga wa tiba asili kwa sheria ya mwaka 2002, nami sikuandika ili kuwadharau. Naomba familia zetu zishike mambo haya:

1. Mgonjwa akinywa dawa ya miti na hali ikabadilika, mleteni hospitali mara moja, na mje na tawi lenye jani, na ua au ganda kama vipo. Kama mti uko mbali, mtu mmoja aende kuupiga picha kwa simu: mti mzima, jani, ua na ganda.

2. Semeni ukweli wote: jina la dawa kwa lugha yenu, sehemu iliyotumika, ilichemshwa vipi, kiasi gani, na saa ngapi. Hakuna muuguzi mwenye haki ya kuwagombeza. Anayeficha anamficha mgonjwa wake.

3. Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti mkiwa njiani. Kama hakuna pakiti, tieni katika lita moja ya maji safi vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufutwa. Msimwachishe kunyonya.

4. Mtoto mwenye choo kigumu apewe maji ya kutosha, papai na mboga za majani. Kama tumbo limevimba au anatapika, ni kazi ya hospitali. Msimpe dawa ya kuendesha.

5. Baada ya dawa ya miti, angalieni kwa majuma kadhaa kama macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa kama chai ya rangi, au mgonjwa anasinzia isivyo kawaida. Mkiona hayo, rudini upesi.

6. Fyekeni vichaka vinavyonuka karibu na nyumba, na wafundisheni watoto wasile maharage ya porini.

Na kwenu wauguzi wenzangu: bandikeni ukutani wodini orodha ndogo ya safu tatu. Safu ya kwanza iwe na jina la wenyeji, ya pili jina la zamani la kitabuni, ya tatu jina jipya. Mlundalunda, Cassia abbreviata, halijabadilika. Mjohoro, Cassia siamea, sasa Senna siamea. Sanamaki, Cassia senna, sasa Senna alexandrina. Mkitafuta mmea kwenye C msiuone, fungueni S kabla hamjasema haupo.

Orodha ya namna hiyo iko ukutani kwetu sasa. Wale wanafunzi wa uuguzi wanapouliza kwa nini mjohoro umeandikwa kwa kalamu nyekundu, huwasimulia habari ya bibi yule na mjukuu wake.